Mkwe Kwenye Kivuko

Nilichaguliwa kusimamia usalama wa mashindano ya vigari kwa sababu moja tu: nilikuwa nyumbani sina shughuli, na mtaa wetu mzima wa Mbugani ulilijua hilo. Nilikuwa nimerudi Kyela na shahada yangu, nikawa natuma maombi ya kazi kwa simu huku namsaidia mama kuanika kokoa. Siku moja nikasema mbele ya watu, nadhani kwa kutaka nionekane nimewahi kufanya kitu, kwamba nilipokuwa chuo Dar es Salaam niliwahi kujitolea kushika bendera kwenye mashindano ya magari madogo. Sikusema kwamba nilikwenda kwa sababu walikuwa wanatoa chakula cha mchana. Wiki hiyohiyo mwenyekiti wa kamati akanipigia simu.

Vigari vyenyewe vilikuwa vya kuchomelea hapahapa mjini. Fundi anachukua mabomba ya chuma, anafunga injini ya bodaboda iliyochoka nyuma ya kiti, anaweka matairi ya toroli mbele na ya bajaji nyuma, anamaliza kwa rangi ya kung'aa ili usione alipounga. Dereva anakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliyekalia mkeka. Vikiwa barabarani vinachekesha. Vikiwa mbio, havichekeshi. Njia ilichongwa kwa duara kwenye majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, nje ya mji, upande wa kwenda Katumba Songwe, na yale matuta ya majaruba, pamoja na mabua, yalitosha kukificha kigari chote na kichwa cha dereva. Ulikuwa unasikia mlio bila kuona kitu. Na kwa kuwa vilikuwa vingi, mlio ulikuwa unatoka kila upande.

Hili ndilo lililoninyima raha tangu siku ya kwanza. Niliizunguka ile njia kwa miguu mara nyingi kuliko mtu yeyote. Kila tuta niliuliza: mtoto akisimama hapa? Mbuzi je? Mlevi je? Nikaomba viroba vya pumba za mpunga kutoka kwenye mashine za kukoboa, tukavipanga kwenye kona kama ukuta. Nikataka majiko ya wauza chakula yawe mbali na madumu ya petroli. Hilo lilileta manung'uniko, lakini nililishikilia na bado nalishikilia. Kwa hiyo mafundi na petroli yao wakawekwa karibu na barabara, nje ya duara, pamoja na kivuli na watazamaji wengi. Majiko yakaenda katikati, ndani ya duara, penye bomba la maji.

Mtu wa ndani akitaka kutoka, au wa nje akitaka kuingia, alipaswa kupita mahali pamoja tu. Tulipaita kivuko. Pana kamba, na mshika bendera anayeishusha kamba njia ikiwa tupu na kuipandisha vigari vikikaribia. Hapakuwa na njia nyingine.

Kikao cha kupanga nani asimame wapi kilifanyika kwenye baraza ya duka la mwenyekiti. Anauza spea za pikipiki, kama baba yake alivyouza baiskeli, na babu yake vitambaa alivyokuja navyo kutoka pwani. Ni mtu mkarimu, mpenda utani, na mashindano yale yalikuwa wazo lake. Katibu alikuwa mwenyeji kabisa, wa huku huku, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya Jumamosi.

"Kivukoni," mwenyekiti alisema, "nataka mtu ambaye akisema simama, watu wanasimama. Siyo vijana. Vijana wanatukanwa."

Katibu akamtaja mzee mmoja wa kanisa anayekaa kwenye njia ya Katumba Songwe. Kila mtu akaafiki. Hata mimi, kwa muda mfupi, niliona ni wazo zuri. Yule mzee alikuwa mrefu, hana maneno mengi, na walevi walikuwa wakimwona wanafunga vifungo vya mashati. Kisha nikamkumbuka rafiki yangu.

Rafiki yangu nilisoma naye sekondari. Mimi nikaendelea, yeye akaolewa. Ameolewa na mtoto wa mzee yule. Na alikuwa amekwisha kuomba nafasi ya jiko ndani ya duara, auze ndizi na usipa wa kukaanga, wale dagaa wa Ziwa Nyasa.

"Mwenyekiti, mzee hafai pale," nilisema.

"Hafai? Mzee wa kanisa hafai?"

"Mkwe wake anauza chakula upande wa ndani. Atavukaje?"

"Kwa miguu," mwenyekiti alisema, na baraza nzima ikacheka.

Kwa asiyejua, kwetu Unyakyusa mke na baba wa mumewe hawakutani. Wazee wetu walilishika sana jambo hili. Mwanamke akimwona mkwe anakuja, anaacha njia, anajifunika uso, anasubiri apite. Mkwe naye akimwona anageuza uso, anapita upande. Hawasalimiani, hawatazamani, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Si ugomvi. Ni heshima, na ukiiangalia kwa karibu ina upole ndani yake. Mjini wengi wameiacha, au wanasema wameiacha. Lakini ziko familia ambazo hazijaiacha, na familia ya mzee yule ilikuwa mojawapo. Nilijaribu kuyaeleza hayo pale barazani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo sauti yangu ilivyozidi kuwa nyembamba.

"Mwanangu," mwenyekiti alisema, "mimi mke wa kijana wangu ananipakulia wali, ananiambia baba ongeza mchuzi. Leo unaniambia mtu mzima anashindwa kupita mbele ya baba mkwe?"

Nikamtazama katibu. Niliamini atanisaidia. Jirani yetu wa karibu ni yeye. Baba yake anapokuja kumtembelea, mke wake anatoka kwa mlango wa nyuma na kuja kukaa jikoni kwetu mpaka mgeni aondoke. Nimemmenyea mwanamke yule viazi mara nyingi akisubiri. Katibu alijua kwamba ninajua.

"Hayo yalikuwa ya bibi zetu," katibu alisema bila kunitazama. "Siku hizi watu wana simu za kupangusa."

"Basi mzee awekwe kona ya migomba, mimi nikae kivukoni."

"Kona ya migomba haivuki mtu," katibu alisema. "Unataka mzee wa watu akalinde migomba?"

Wakacheka tena. Mwenyekiti akanipigapiga begani. "Msomi, wewe ukipewa chai unawaza namna itakavyokuunguza. Kunywa kwanza."

Nikaandikiwa kona ya migomba.

Nilikwenda kwa rafiki yangu siku iliyofuata. Nilimkuta anapepeta mchele uani, mtoto wake amelala kwenye kanga kivulini. Mumewe alikuwa safarini. Anaendesha lori la ndizi kwenda Mbeya na mbele zaidi, na nyumbani anaonekana kama mgeni. Nikamweleza. Akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Mmeniwekea mkwe mlangoni! Kamati yenu ina watu wazima kweli?"

"Usicheke. Utavukaje?"

"Nitazunguka."

"Utazungukia wapi? Njia ni duara, na wewe uko katikati."

Akafikiri. "Uza ndani tu," nilimwambia. "Usitoke."

"Ndani kuna wapishi wenzangu na watu waliokuja kuomba maji. Wanunuzi wako nje. Unadhani nitakaanga usipa niutazame?" Akauchukua ungo wake tena. "Nitasubiri ageuke. Mbona nyumbani tunaishi? Akiniona ananipa mgongo, mimi napita. Kila siku ya Mungu."

"Pale hatakiwi kugeuka! Ndicho ninachowafundisha. Mshika bendera haipi njia mgongo, hata aitwe jina, hata nyoka apite."

"Shoga," aliniambia, kama mtu anayemhurumia mtoto, "wewe ungekuwa umeolewa ungejua. Mkwe hafundishwi kugeuka, na hafundishwi kutogeuka."

Nilimwomba aniahidi kwamba atavuka tu kati ya shindano na shindano, vigari vikiwa vimezimwa. Aliniahidi, kwa ile sauti ya kuniondoa uani kwake nikiwa nimetulia.

Mwisho nilimfuata mzee mwenyewe. Ilikuwa siku ya mafunzo. Tulikuwa tumesimama majarubani na bendera zetu, za kitambaa nilichoshona na mama. Njano: hatari, punguza mwendo. Nyekundu: wote simama. Mzee alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote. Aliuliza upepo ukiizungusha bendera kwenye mti wake afanye nini. Aliuliza kama anaruhusiwa kuketi. Nilipowaambia wasiipe njia mgongo, aliitikia kwa kichwa polepole, akakubali. Tulipomaliza nikamsubiri pembeni, nikamsalimu upya kwa Kinyakyusa ingawa nilikwisha kumsalimu.

"Ugonile, baba."

"Ndaga, mwanangu."

"Baba, pale kivukoni, mkwe wako atakuwa anapita na beseni la chakula."

Hakukasirika. Uso wake ulijifunga tu, kama duka linavyofungwa. "Binti," alisema, "hilo ni la nyumbani kwangu."

Nikaondoka nimeaibika, kana kwamba nimechungulia dirishani kwake. Njiani nikajiambia kwamba sasa nimewaambia wote. Mwenyekiti anajua, katibu anajua, rafiki yangu anajua, mzee anajua. Niliona hiyo ni kinga. Sikuelewa kwamba watu wanaweza kulijua jambo, wote kwa pamoja, na bado likatokea mbele yao.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua na vumbi. Watu walikuja kuliko tulivyotarajia, wengine kwa bodaboda wamepakiana mishikaki. Kijana mmoja aliyeshika kipaza sauti alikuwa anawatania madereva kwa Kiswahili na Kinyakyusa, na kila akiniona napita na filimbi yangu alisema, "Huyo hapo, dada bendera! Bendera tumeiona, mchumba yuko wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo kwa kulazimika, huku macho yangu yako kivukoni.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama rafiki yangu alivyoniahidi. Vigari vilipozimwa, mzee alishusha kamba, akasogea hatua kadhaa hadi kwenye ndoo ya maji, akanywa huku ametazama majaruba ya mbali. Rafiki yangu akatoka haraka na beseni lake kichwani, akauza, akarudi. Niliona namna wote wawili walivyokuwa wanapimana bila kutazamana. Nilikaribia kuamini kwamba mwenyekiti alikuwa sahihi kuhusu mimi na chai.

Kisha likaja shindano la mwisho, refu kuliko mengine, na watu wakaona njaa.

Kona ya migomba iko mbele ya kivuko, umbali ambao unamwona mtu vizuri lakini sauti haifiki vigari vikiwa vinanguruma. Nilimwona rafiki yangu anatoka jikoni na beseni limejaa. Akaja hadi karibu na kamba, akasimama nyuma ya mzee, pembeni, kanga ameishusha usoni. Ng'ambo ya njia vijana walimwona.

"Mama usipa! Tunakufa huku!"

"Leta, mama! Unapoza nini hapo?"

Mzee alikuwa amesimama wima, ameitazama njia, kama nilivyomfundisha. Kundi la vigari likapita mbele yake, likaja kwangu, likapita. Nyuma likabaki pengo. Lakini halikuwa pengo la kweli. Kigari kimoja kilikuwa kimepata hitilafu mapema na kilikuwa kinajikokota, sasa kilikuwa kimepona na kinakuja peke yake kwa kasi, chini, nyuma ya tuta. Mimi nilikiona kwa sababu kona yangu imeinuka. Pale kivukoni hakionekani. Na sikio halikuweza kukitenga na mlio wa kundi.

Nilimwona mzee anageuza kichwa kidogo. Nadhani aliliona beseni, au ncha ya kanga. Ninayo picha hiyo mpaka leo na nimeichunguza mno: bega lake lilishuka. Akaishusha kamba. Kisha akageuka, akaelekeza uso wake kwenye nyasi, upande ambao hamna njia wala rafiki yangu. Akatugeuzia mgongo wote, na reflekta yake, ile fulana ya njano ya washika bendera, ikawaka juani.

Nilipuliza filimbi. Nilipunga bendera ya njano na nyekundu kwa pamoja, jambo ambalo halina maana kwa mtu yeyote. Nilimwita rafiki yangu kwa jina, kwa kelele. Rafiki yangu alikuwa ameshapita kamba, na alikuwa anavuka kama mwanamke wa kwetu anavyopita mbele ya mkwe: haraka, ameinama, kanga imefunika uso upande. Hakutazama kushoto. Hakutazama kulia. Kwa nini atazame? Amepewa njia na mtu ambaye nyumbani hajawahi kumpa njia akakuta kuna hatari.

Kigari kilimpiga miguuni. Beseni liliruka. Dereva aliwahi kukata usukani, akaingia kwenye viroba, viroba vikapasuka na pumba zikafunika kila kitu kama moshi, na kutoka kwenye ule moshi dereva akatoka anatembea, mzima, anapiga chafya. Kwa hiyo viroba vyangu vilifanya kazi. Watu wamenipongeza kwa viroba vile.

Aliyekuwa karibu na rafiki yangu kuliko wote alikuwa mzee. Angenyoosha mkono angemgusa. Kanuni yetu ilikuwa kwamba wa karibu ndiye anayemfikia majeruhi kwanza. Mimi nilikuwa nakimbia majarubani, nimeshikilia sketi, na nilikuwa namwona. Aliinua bendera nyekundu. Aliipunga kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, na vigari vyote vikasimama kwa ajili ya bendera ile, duara nzima. Alikuwa anaita, "Jamani! Jamani, njooni!" Na muda wote huo uso wake ulikuwa kwenye nyasi. Hakugeuka. Alikuwa analia, niliona mabega, lakini hakugeuka.

Nilipofika nilipiga magoti. Mguu wa kushoto ulikuwa umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjiki. Rafiki yangu alikuwa anahangaika na kanga, anaivuta ajifunike.

"Ameondoka?" aliniuliza.

"Tulia. Usijitikise."

"Baba. Ameondoka?"

Ndicho alichotaka kujua. Ikabidi nimwombe mzee asogee, nami nikamwomba kwa sauti ambayo sikuwahi kumsemesha mtu wa umri wake. Akasogea. Hapo ndipo rafiki yangu alipoanza kupiga mayowe ya maumivu, kana kwamba alikuwa ameyaweka mahali mpaka mkwe apite.

Nesi tuliyemwomba aje alimfunga mguu kwa vijiti na ile kamba ya kivuko. Tukampakia kwenye kirikuu, ile pikapu ndogo iliyoleta viti, tukamlaza juu ya magunia, nikamshikilia kichwa hadi hospitali. Baadaye niliambiwa kwamba baada ya sisi kuondoka walifagia pumba, wakaziba pengo la viroba kwa matairi, wakamalizia mizunguko iliyobaki. Mshindi alipatikana. Alibebwa mabegani.

Sitasema kwamba walikuwa watu wabaya. Mwenyekiti alikwenda hospitali na machungwa, akakaa kando ya kitanda cha rafiki yangu bila utani hata mmoja, akatoka ameinamisha kichwa. Lakini tulipokaa tena kwenye baraza ile kikao kilikuwa kifupi. Mzee hakuja. Alikuwa ameileta reflekta yake mapema, imefuliwa na kukunjwa, akaiacha kaunta bila maneno.

"Kwa kweli mzee alifanya vizuri," katibu alisema. "Bendera nyekundu iliinuka palepale. Bila yeye, na vigari vingine vingemkanyaga."

"Na kamba?" niliuliza. "Nani aliishusha?"

"Mama yule alikuwa na haraka ya biashara. Hakutazama njia. Mtoto mdogo anajua kutazama njia."

"Hakutazama kwa sababu mkwe wake alikuwa pale. Nilisema hapahapa."

"Ulisema," katibu alikubali. "Tatizo lako unasema kila kitu. Ulisema mbuzi, ulisema mlevi, ulisema upepo, ulisema nyoka. Mtu atajua lipi ni lenyewe?"

 Nimekaa na swali hilo kuliko nilivyokaa na mitihani yangu yote. Ni kweli kwamba nilisema mbuzi. Lakini nilipokuwa nasema mbuzi, katibu alikuwa anaandika. Niliposema mkwe, alitazama pembeni.

Mwenyekiti akafunga kwa uamuzi: kuanzia sasa wanawake wanaouza chakula hawataingia ndani ya duara. Chakula kitapikwa nje, na wachuuzi wa kiume tu ndio watakaoruhusiwa kupita kivukoni. Kila mtu akaona ni uamuzi wa busara. Usalama kwanza, mtu mmoja alisema, na alikuwa ananitazama mimi kwa wema, kama vile amenipa zawadi. Wanawake waliokuwa na majiko pale wakapewa taarifa kwa ujumbe wa sauti. Hakuna aliyewaeleza sababu, nao hawakuuliza; walidhani mwenzao amewaharibia.

Mguu wa rafiki yangu ulipona, lakini ulipona vibaya. Anatembea kwa kuuzungusha. Hawezi kuinama kwenye maji ya jaruba akapandikiza mpunga, na mwanamke wa kule asiyeweza kupandikiza anaonekana kama mgeni aliyekawia kuaga. Mumewe amerudi kwenye lori lake. Hajamtukana. Ila siku hizi akirudi chakula anapikiwa na dada yake, si na mkewe.

Mara ya mwisho nilimkuta rafiki yangu amekaa kwenye kigoda uani, mbele ya turubai la kokoa iliyoanikwa, fimbo imelazwa kando. Harufu ya kokoa ilikuwa kali, ile chachu ya siku za mwanzo. Tuliongea mambo ya shule. Alikuwa ananiigiza nilivyokuwa naogopa maabara, na alikuwa anachekesha kweli.

Kisha kikohozi kikasikika njiani. Mzee hukohoa tangu mbali sasa, ili apewe nafasi, kwa sababu mkwe wake hawezi tena kuinuka upesi na kujificha. Rafiki yangu akashika fimbo, akajaribu kusimama, mguu ukakataa. Akakaa. Akajifunika kanga, kichwa chote, palepale kwenye kigoda.

Mzee akasimama penye mgomba wa mwisho, amegeukia shambani. Amekonda. Nikasimama, nikamsalimu.

"Mwambie nimeuliza hali yake," aliniambia.

Walikuwa wametengana kwa urefu wa turubai. Nikasema, "Baba anauliza hali yako."

"Mwambie naendelea," ilisema kanga.

"Anasema anaendelea."

"Haya. Mungu mkubwa."

Hakuondoka. Nami nikahisi kwamba rafiki yangu anajiandaa kwa jambo. Kanga ilikuwa inapanda na kushuka kwa pumzi.

"Muulize," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "siku ile, kabla hajageuka, alitazama njia kwanza?"

Mzee alisikia. Hata mtoto aliyekuwa anacheza na maganda ya kokoa alisikia. Nilipaswa kulirudia, ndiyo kazi niliyokuwa nimepewa pale, nami sikulirudia. Niliutazama mgongo wa mzee. Niliwaza kwamba akisema ndiyo atakuwa anadanganya, akisema hapana hataweza kurudi kwenye ua huu tena, na nikawaza mengine mengi, na yote yalikuwa ya bure kwa sababu hakuwa ananisubiri mimi.

"Mwambie," alisema hatimaye, "mawingu ya ziwani yamekaa vibaya. Kokoa iingizwe."

Akaondoka kwa kupitia shambani, mbali na nyumba, ambako alilazimika kuinama chini ya majani ya migomba.

Rafiki yangu akaitoa kanga usoni. Macho yalikuwa makavu. Akatazama juu, akatazama kokoa.

"Basi inuka," aliniambia. "Mimi siwezi kuinama. Anza upande ule, mvua inatokea ule."

Nikachukua pauro, nikaanza kuzoa.